TB ya utumbo: kinyama, CT, PET au kamera ya gama? Namna ya kuchagua kipimo

Wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha utumbo hufika hospitali kubwa wakiwa wameshazunguka sana. Wametibiwa taifodi, wametibiwa minyoo, wamemeza dawa za vidonda vya tumbo, na bado uzito unashuka, homa za jioni zinarudi, na tumbo linauma chini upande wa kulia. Picha ya kifua mara nyingi huwa safi na makohozi hayaonyeshi kitu, ndiyo maana jina la TB huchelewa kutajwa. Likishatajwa, linaanza zungusho jingine. Daktari mmoja anashauri kuingizwa kamera kwa njia ya haja kubwa (kolonoskopia) na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupima; mwingine anataka CT, picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili vipande kwa vipande; na ndugu aliyewahi kutibiwa India anapiga simu kusema kuna kipimo cha nyuklia, PET, kinachoona mwili mzima, kwa nini tusianze na hicho?

Ni swali la haki. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na vipimo hivi vyote sasa vinatajwa kwenye vyumba vya madaktari wetu. Hapa nalinganisha njia nne, yaani kolonoskopia yenye kinyama, CT, PET/CT na kamera ya gama, kwa ajili ya mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, ili akiingia kwa daktari ajue aulize nini.

Ugumu uko wapi

TB ya utumbo hupenda zaidi pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Kwa bahati mbaya ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo unaotokana na kinga ya mwili yenyewe, nao hupenda palepale, na uvimbe wa kidole tumbo uliochelewa, amiba, saratani ya utumbo mpana na saratani ya mitoki vyote vinaweza kukaa hapohapo na kufanana kwenye picha.

Kosa la kuvichanganya lina gharama kubwa. Crohn hutibiwa kwa steroidi na dawa nyingine zinazoshusha kinga; akipewa mtu mwenye TB, vimelea hupata nafasi ya kusambaa mwilini. Upande wa pili, mwenye Crohn au saratani akiwekwa kwenye dawa za TB kwa miezi 6, ni miezi 6 ya ugonjwa wake kuendelea bila kuguswa.

Kabla ya kufikiria mashine kubwa, hakikisha mambo madogo yamefanyika: picha ya kifua, makohozi kama yapo, kipimo cha VVU, na altrasaundi ya tumbo. Anayeishi na VVU na amezidiwa anaweza kupimwa mkojo kwa kipimo cha LAM, ambacho hutafuta alama ya vimelea vya TB na hutoa jibu siku hiyohiyo. Kuna maji tumboni? Yavutwe kwa sindano na yapimwe. Mtoki wa shingoni uliovimba nao unaweza kuvutwa kwa sindano na sampuli ikapelekwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, na wapo wanaopata jibu hapo bila kuguswa utumbo kabisa. Na kama mnakunywa maziwa mabichi nyumbani, mwambie daktari hata asipouliza. TB ya ng'ombe hupita njia hiyo, na pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo, haiiwezi.

Vigezo

Kila kipimo nimekiuliza mambo yaleyale: kinajibu swali gani hasa? Kinakosea vipi? Mgonjwa anapitia nini, pamoja na mionzi? Kinapatikana wapi na kwa uzito gani mfukoni? Na mwisho, kinamfaa nani?

Lipo jambo moja la kushika wakati wa kusoma. Kuonyesha mahali palipo na ugonjwa na kuutaja ugonjwa wenyewe ni kazi mbili tofauti. Familia nyingi hulipia ya kwanza zikidhani zimelipia ya pili.

Kolonoskopia na kinyama

Swali linalojibiwa: huu ni ugonjwa gani? Daktari anapitisha kamera hadi mwisho wa utumbo mpana, na akiweza anachungulia kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Vidonda vya TB mara nyingi hukaa kwa kuzunguka utumbo, na mlango kati ya matumbo mawili unaweza kubaki wazi umelegea. Vya Crohn huelekea kwenda kwa urefu. Hata hivyo macho hayatoshi. Kazi yenyewe ni vinyama vinavyong'olewa.

Na vinyama hivi vinahitaji kusimamiwa. Kila kimoja ni kidogo kama chembe ya mchele. Vikitumbukizwa vyote kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, mtaalamu wa patholojia atavisoma vizuri kwa hadubini, lakini formalini imeshaua vimelea, kwa hiyo kuotesha hakuwezekani tena. Vinavyokwenda kuoteshwa na kupimwa kwa GeneXpert huwekwa kwenye kichupa kingine safi chenye maji ya chumvi ya hospitali. Kwa hiyo kabla ya siku ya kipimo uliza: "Vitachukuliwa vichupa viwili?" Swali hilo moja limewaokoa watu kurudia kipimo kizima.

Makosa yake: TB hujificha chini ya ngozi ya juu ya utumbo, hivyo kinyama cha juujuu kinaweza kuikosa. Ndiyo sababu huchukuliwa vinyama vingi, kwenye kingo za kidonda na kitakoni mwake. GeneXpert ikikuta vimelea kwenye kinyama unaweza kuiamini, na inakwambia pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Majibu yake hutoka kwa chini ya saa 2 tangu mashine ianze kazi. Ikisema hakuna, usishangilie bado, kwa sababu kwenye utumbo vimelea huwa vichache na mara nyingi huikwepa. Kuotesha kunaweza kuchukua wiki 6 hadi 8.

Mgonjwa anapitia: siku ya kula vyepesi, dawa ya kuharisha usiku kucha, sindano ya usingizi mwepesi. Hakuna mionzi. Hatari ya kutoboka utumbo ipo lakini ni ndogo. Utumbo ukiwa umeziba, dawa ya kuharisha haifai kabisa.

Upatikanaji: hospitali za rufaa na za binafsi za miji mikubwa kama Dar es Salaam, Moshi, Mombasa, Nairobi na Kampala. Bei ni ya wastani ukilinganisha na PET.

Kinamfaa mtu ambaye ugonjwa wake unafikika kwa kamera na mwili wake unastahimili maandalizi. Hao ndio walio wengi.

Skani ya CT ya tumbo

Swali linalojibiwa: utumbo umeharibika vipi, na nje yake kuna nini? CT yenye dawa ya mshipa (dawa ya kung'arisha picha) inaonyesha ukuta uliovimba, sehemu zilizobanana, maji, na mitoki. Mitoki yenye kiini cheusi na ukingo unaong'aa humfanya daktari wa radiolojia aandike TB kwanza kwenye orodha yake. Hukosea kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa wa chochote kati ya vile nilivyotaja, na kidonda kidogo cha juujuu hakionekani.

Ni dakika chache mezani. Figo zipimwe kwanza, na mzio wa dawa ya picha utajwe mapema. Mionzi ni takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 8 hadi 10; mtu wa kawaida hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Mjamzito huanza na altrasaundi, na ikibidi MRI.

Ndicho kipimo kikubwa kilichosambaa kuliko vyote hivi, na ndicho cha kukimbilia pale tumbo limevimba, mtu anatapika na hapitishi hata upepo. Saa hiyo si ya kolonoskopia wala ya nyuklia.

PET/CT

Hiki ndicho kinachotajwa zaidi siku hizi, na nadhani ndicho kisichoeleweka zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Swali linalojibiwa: wapi mwilini kuna moto, na moto huo unapungua? Mgonjwa anadungwa sukari iliyobebeshwa florini-18, kitu chenye mionzi. Chembe hai za mwili (seli) zinazofanya kazi kwa nguvu zinainyonya sukari hiyo, na mashine inachora zilipo. Katika TB, chembe za kinga zilizokusanyika kuzunguka vimelea zina njaa kubwa ya sukari, kwa hiyo utumbo wenye ugonjwa unang'aa, na mitoki nayo inang'aa. Tatizo ni kwamba chembe za saratani nazo zina njaa hiyohiyo, na za Crohn vilevile.

Ndiyo maana nasisitiza: PET haisomi jina la ugonjwa. Ripoti huja na namba inayoitwa SUV, kipimo cha ukali wa kung'aa, na nimeona familia zikiikodolea macho kana kwamba ni hukumu. TB hai inaweza kutoa SUV kubwa sawa na ya saratani ya mitoki. Namba kubwa peke yake haithibitishi saratani, na namba ndogo peke yake haiiondoi.

Kuna makosa mengine yanayohusu utumbo hasa. Pale kwenye maungio ya matumbo mawili, hata kwa mtu mzima wa afya, huwa panang'aa kiasi, na ndipo TB inapopenda kukaa. Metfomini, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi kwetu, hufanya utumbo wote uwake. Kwa kawaida huachwa kwa saa 48 kabla ya kipimo, kwa ruhusa ya daktari wa kisukari. Anayeishi na VVU ambaye virusi vyake bado viko juu anaweza kuwa na mitoki inayong'aa kwa sababu ya virusi vyenyewe.

Sasa faida zake, maana zipo na ni kubwa. PET huona mwili wote kwa mara moja. Mgonjwa ambaye utumbo wake haufikiki vizuri kwa kamera anaweza kukutwa na mtoki unaowaka juu ya mfupa wa bega, ambao sindano inaufikia kwa dakika kumi. Sampuli ya hapo ikapelekwa GeneXpert na patholojia, na upasuaji wa tumbo ukaepukwa. Inaweza pia kuonyesha TB ya uti wa mgongo ambayo hakuna aliyeitafuta, na hilo hubadilisha muda wa matibabu. Baadaye, mgonjwa akimaliza dozi na CT bado inaonyesha utumbo mnene, PET husaidia kutenganisha kovu lililopoa na ugonjwa ulio hai. Hata hapo uangalifu unahitajika: kung'aa kidogo kunaweza kubaki kwa mtu aliyepona, kwa hiyo si sababu pekee ya kuongeza dawa.

Mgonjwa anapitia: kufunga chakula saa 4 hadi 6, maji ya kawaida yanaruhusiwa. Sukari ya damu hupimwa, na vituo vingi huahirisha ikizidi milimoli 11 kwa lita. Baada ya sindano unalazwa kwenye chumba tulivu chenye joto kwa takriban saa moja, na unaambiwa usitembee, usitafune bazoka, hata kuongea upunguze, kwa sababu misuli inayofanya kazi inanyonya sukari iliyokusudiwa kwa ugonjwa. Unakwenda haja ndogo, kisha unapita mashineni kwa dakika 20 hadi 30. Sukari yenye mionzi huleta takriban milisiveti 7, na sehemu ya CT inaongeza yake, nyingi kama CT imefanywa ya kiwango kamili. Mama anayenyonyesha akae mbali na kumpakata mtoto kwa saa chache, kwa maelekezo ya kituo. Mjamzito hafanyiwi ila kwa sababu nzito sana.

Upatikanaji ndio mlima. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110, kwa hiyo dawa iliyotengenezwa alfajiri inakuwa karibu imekwisha jioni. Lazima mtambo wa kuitengeneza uwe karibu. Nairobi inayo huduma hiyo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa wa mbali, ongeza nauli, malazi na msindikizaji. Ni cha bei ya juu kuliko vyote hapa, na bima nyingi hukilipia kwa saratani kwa urahisi kuliko kwa TB. Pata jibu la bima kwa maandishi kabla ya kusafiri.

Kinamfaa mtu ambaye kinyama kimerudi bila jibu na daktari anatafuta mahali pengine pa kuchoma sindano. Ambaye dalili zinaashiria ugonjwa uliosambaa. Au ambaye dawa zimekwisha na kuna shaka. Kwa anayeanza tu safari, kwa maoni yangu, fedha hiyo ina kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Kamera ya gama: chembe nyeupe na galiamu

Kamera ya gama ni mashine ya zamani zaidi ya nyuklia, na ipo sehemu nyingi kuliko PET. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina kitengo cha tiba ya nyuklia kwa miaka mingi, na Mulago, Kampala, nako huduma ipo. Watu husikia "nyuklia" wakadhani ni kitu kimoja na PET, kumbe dawa zake ni tofauti na majibu yake tofauti.

Swali linalojibiwa na skani ya chembe nyeupe: kuna usaha au uvimbe mkali wa ghafla? Damu ya mgonjwa huvutwa, kwa kawaida mililita 40 hadi 60, chembe nyeupe (askari wa kinga katika damu) zikatengwa maabara, zikabebeshwa tekneshiamu-99m, dawa yenye mionzi, zikarudishwa mwilini mwake. Picha hupigwa ndani ya saa ya kwanza na tena baada ya saa chache. Kwa mwenye Crohn iliyochachamaa au jipu la tumbo, kipimo hiki ni kizuri sana. Kwa TB kina udhaifu wa asili: chembe zinazobebeshwa dawa ni zaidi zile zinazokimbilia usaha, na kinundu cha TB hulindwa na chembe za aina nyingine. Picha safi kwa hiyo haiondoi TB. Picha za kuchelewa nazo hudanganya, kwa kuwa dawa yenyewe huvujia utumboni kupitia nyongo.

Galiamu-67, dawa nyingine yenye mionzi inayodungwa, huifuata TB vizuri zaidi, na kwa mapafu na mitoki ya kifuani ina historia ndefu. Tumboni hali ni nyingine. Galiamu hutolewa mwilini kupitia utumbo mpana, palepale tunapotaka kupachunguza. Mgonjwa hurudi kupigwa picha saa 24, 48, pengine 72 baada ya sindano, na mionzi inaweza kufika milisiveti 15. Mahali penye CT au PET, sioni sababu ya kuipendekeza kwa utumbo.

Mionzi ya skani ya chembe nyeupe ni ndogo, milisiveti 2 hadi 4, na bei yake kwa kawaida ni chini ya PET. Lakini inahitaji maabara safi na mtaalamu aliyefundishwa, na tekneshiamu hutoka kwenye kifaa kinacholetwa kwa ndege na kuisha nguvu ndani ya wiki moja hivi. Piga simu kwanza uulize kama wiki hiyo ipo. Kinamfaa mtu ambaye daktari anashuku jipu au anataka kujua Crohn yake imeamka kiasi gani. Kwa kuthibitisha TB ya utumbo, ni msaidizi wa mbali.

Kwa hali yako

Ukiwa na maumivu ya muda mrefu, umekonda, na hujapimwa chochote kikubwa: altrasaundi au CT, kisha kolonoskopia yenye vichupa viwili. Mpangilio huu unapatikana bila kuvuka mpaka.

Kama tumbo limevimba ghafla, unatapika kijani, hupitishi choo wala upepo, nenda idara ya dharura leo. Kinyama kinaweza kuchukuliwa wakati wa upasuaji, na mwambie ndugu akumbushe kwamba sehemu yake isiwekwe kwenye formalini.

Kinyama kimerudi bila jibu na hali inaruhusu kusubiri? Hapo kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kurudia kolonoskopia kwa vinyama vingi zaidi. Ya pili ni PET/CT kutafuta mahali pengine pa kuchukua sampuli. Kama CT imeshaonyesha mitoki inayofikika kwa sindano, huhitaji PET kuambiwa hilohilo.

Pale daktari anapoona dalili zote zinaelekea TB na uthibitisho umekataa kupatikana, anaweza kuanzisha dawa kwa uangalizi. Katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya dawa za TB hutolewa bure. Kolonoskopia ikirudiwa baada ya miezi 2 hivi, vidonda vya TB hutarajiwa kuwa vimeanza kufunga waziwazi. Visipofunga, swali la Crohn, saratani au usugu wa dawa lifunguliwe upya. Dalili kupungua peke yake hakutoshi, maana mwenye Crohn pia anaweza kujisikia nafuu kwa muda.

Anayeishi na VVU, mwenye homa na mitoki sehemu nyingi: mkojo wa LAM, altrasaundi na sindano ya mtoki vitangulie. PET iwe baadaye, na msomaji wa picha aambiwe wingi wa virusi, kwa sababu bila habari hiyo anaweza kuandika saratani ya mitoki.

Mjamzito: altrasaundi, MRI, na sampuli pale inapofikika kwa usalama. Vipimo vya nyuklia vingoje.

Kama umemaliza miezi 6 na bado tumbo linabana baada ya kula, anza na CT kuona kama kuna sehemu iliyosinyaa kwa kovu. Ikiwa kovu linabana sana, utahitaji daktari wa upasuaji au wa kutanua kwa kamera, na PET itakuwa na maana tu kama kuna shaka ya ugonjwa kubaki hai.

Na ukishaamua kwenda Nairobi au India kwa PET, beba CD ya CT ya awali, ripoti ya patholojia, na uliza hospitali yako kama vipande vya kinyama vilivyohifadhiwa kwenye nta vinaweza kutolewa. Mtaalamu wa huko akivisoma upya kabla hujadungwa sukari yenye mionzi, huenda jibu likapatikana kwenye kinyama hichohicho.